Mbwa wa Kwanza Ujerumani: Umpate Wapi, na Mfuko Utahimili?

Mama alipomwona mbwa wangu kwenye simu mara ya kwanza aliuliza analinda nini, maana ninaishi vyumba viwili, ghorofa ya nne, hapa Berlin. Nikamjibu halindi kitu, na juu ya hapo namlipia kodi serikalini. Alicheka mpaka simu ikamponyoka.

Kwetu mbwa ana kazi inayojulikana. Kibao cha "Mbwa Kali" getini, ugali wa dagaa jioni, usiku anafunguliwa. Huku mbwa ana faili, namba na bima, na Waswahili wenzangu wanaoniuliza bei ya mbwa huwa wanauliza jambo dogo kuliko yote. Bei ya kumnunua ni nauli ya kukufikisha stendi tu. Safari yenyewe bado.

Kwa hiyo, kabla hujaanza kuangalia picha, toa mkataba wa nyumba uusome. Mwaka 2013 mahakama kuu ya shirikisho ya Ujerumani iliamua kwamba mwenye nyumba hawezi kuchapa kwenye mkataba wa kawaida kwamba mbwa na paka wamekatazwa kabisa, bila kuangalia hali ya mpangaji. Watu wakasikia nusu ya habari hiyo, wakadhani wana ruhusa. Hapana. Maana yake ni kwamba maslahi ya pande zote yapimwe, na wewe mgeni hutaki kupimwa mbele ya hakimu. Omba ruhusa kwa maandishi, mtaje mbwa na ukubwa wake, subiri jibu. Usimtegemee jirani aliyekuambia "hapa wote wanafuga".

Baada ya hapo hesabu saa zako. Wengi wetu tunafanya kazi za kuhudumia wazee au za bohari, zamu ya asubuhi wiki hii, ya usiku wiki ijayo. Mbwa hajui zamu. Kama hakuna mtu wa kumtoa nje mchana, utamlipa anayekaa naye, na hiyo peke yake yaweza kupita gharama ya chakula chake.

Sasa mpangilio wangu, kuanzia njia ninayoipendekeza hadi ile ambayo ningekushika mkono nikuzuie.

1. Mbwa mzima kutoka Tierheim

Tierheim ni makazi ya wanyama waliotelekezwa au kurudishwa. La Berlin liko Falkenberg, na ni miongoni mwa makubwa kabisa Ulaya. Utalipa mamia machache ya euro, na kwa kawaida mbwa amekwisha chanjwa na kuwekewa chipu, kidude chenye namba ya utambulisho chini ya ngozi. Mara nyingi amehasiwa pia. Ukijumlisha kazi hizo kwa bei ya daktari utaona kwamba umepewa mbwa karibu na bure.

Faida kubwa zaidi ni kwamba wahudumu wanamjua. Watakuambia huyu anaogopa ngazi, yule hapendi watoto, huyu ukimwacha peke yake analia mpaka majirani wapige simu. Mtoto wa mbwa hana habari hizo, ni bahati nasibu. Wangu alikuwa na miaka minne nilipomchukua, sikio moja limesimama na moja limelala, tayari anajua kungoja haja mpaka atoke nje. Kwa mtu wa zamu, hilo tu lina thamani.

Ubaya wake ni maswali. Watataka ruhusa ya mwenye nyumba, kitambulisho, watakuuliza unafanya kazi saa ngapi, na huenda wakakuita zaidi ya mara moja. Wengine wetu tunayachukulia kama dharau. Mimi pia niliudhika siku ya kwanza. Lakini walimuuliza hivyohivyo bibi Mjerumani aliyekuwa mbele yangu, naye alifuga mbwa maisha yake yote.

2. Mbwa wa kuazima

Kama uko kwa viza ya masomo, au mkataba wako wa kazi ni wa mwaka mmoja, hii ndiyo namba moja yako. Ruka yote mengine. Makazi mengi yanahitaji watu wa kuwatembeza mbwa, na mashirika ya uokoaji yanatafuta nyumba za kuwahifadhi kwa muda huku yenyewe yakigharamia matibabu. Wapo pia wazee mtaani wenye mbwa na magoti mabovu. Rafiki yangu wa Arusha alimtembeza mbwa wa jirani yake miaka miwili, na Kijerumani chake kilipata nafuu kuliko darasani.

3. Mbwa wa mtu anayehama au aliyeachana na mwenzake

Yaweza kuwa bahati kubwa. Nenda ukamwone nyumbani anapoishi, mara mbili, na siku tofauti. Omba kitabu cha chanjo na ulinganishe namba ya chipu. Andikianeni mkataba hata kama ni wa bure.

4. Mbwa wa kuokolewa kutoka Romania au Uhispania

Wanakuja wengi, na wengine ni mbwa wazuri sana, wana sura ya mbwa wa kwetu wa mtaani kabisa, jambo lililonigusa. Tatizo ni kwamba unamchagua kwa picha. Mbwa aliyezaliwa kando ya kijiji akashushwa katikati ya jiji lenye treni na lifti anaweza kukaa chini ya meza mwezi mzima. Anayetoka nchi za Mediterania apimwe ugonjwa wa leishmania, unaoenezwa na usubi na ambao matibabu yake hayaishi. Shirika linaloleta mbwa lazima liwe na kibali cha idara ya mifugo. Ukikiomba wakaanza kuzungukazunguka, ondoka.

5. Mfugaji wa mbwa wa uzao maalumu

Andaa euro 1,500 hadi 3,000, na pengine kungoja miezi. Sina ugomvi na mfugaji wa kweli anayekuonyesha mama wa watoto na vipimo vya nyonga. Ila usimnunue mbwa mwenye pua iliyobanwa kwa sababu anakoroma kwa kupendeza. Huko kukoroma ni kukosa hewa, na gharama yake utailipa wewe.

6. Kumleta uliyemwacha nyumbani

Moyo unataka, kalenda inakataa. Kenya na Tanzania hazimo kwenye orodha ya nchi ambazo Umoja wa Ulaya unazilegezea masharti ya kichaa cha mbwa. Anahitaji chipu, kisha chanjo, kisha baada ya siku 30 damu yake ipimwe katika maabara iliyoidhinishwa, halafu mngoje miezi mitatu tangu siku damu ilipotolewa. Nauli ya ndege bado hujaigusa.

Mwisho kabisa: mtoto wa mbwa wa kwenye buti la gari

Tangazo la mtandaoni, picha nzuri, euro 500, na muuzaji anataka mkutane kwenye maegesho ya duka kubwa. Hapa kuna hesabu ndogo itakayokuokoa. Chanjo ya kichaa cha mbwa haihesabiki kabla ya wiki 12, na inahitaji siku 21 kuanza kufanya kazi. Kwa hiyo mtoto wa mbwa anayeingizwa Ujerumani kihalali kutoka nchi nyingine ana angalau wiki 15. Ukiambiwa ametoka nje na ana wiki nane, umeambiwa uongo au unashirikishwa kosa. Baadhi ya watoto hao hufa kwa parvo, ugonjwa wa virusi wa kuharisha, ndani ya siku chache, mikononi mwa aliyewanunua.

Baada ya kumpata ndipo matumizi yanapoanza. Kodi ya mbwa Berlin ni euro 120 kwa mwaka kwa wa kwanza, 180 kwa kila anayeongezeka. Kila mji una kiwango chake. Bima ya kulipia madhara atakayowafanyia wengine ni lazima Berlin, Hamburg na jimbo la Niedersachsen, na hata kwingine usiikose. Niedersachsen wana mtihani kwa anayefuga mara ya kwanza. Jimbo la Nordrhein-Westfalen wanataka uthibitisho wa ujuzi kwa mbwa wa kimo cha sentimita 40 au kilo 20 na zaidi. Pitbull na jamaa zake sahau.

Daktari ndiye anayewavunja watu. Ada zilipandishwa Novemba 2022, na daktari anaruhusiwa kutoza hadi mara tatu ya kiwango cha msingi. Usiku na wikendi haishuki chini ya mara mbili, yaweza kufika mara nne, pamoja na euro 50 ya dharura kabla ya kodi. Mimi nilijua hayo kwenye karatasi. Kisha kiangazi kimoja tukachoma mahindi bustanini, mtu akatupa gunzi, mbwa akalimeza. Jumamosi usiku. Operesheni na siku mbili za kulazwa ziligharimu zaidi ya euro 2,000, na nililipa kwa mafungu miezi kumi. Bima ya upasuaji niliyokuwa naiahirisha ingekuwa kama euro 25 kwa mwezi.

Jambo moja ambalo miongozo ya Kijerumani haitakuambia: wageni wako. Wenzetu wengi wa pwani wanafuata madhehebu ya Shafii, na mate ya mbwa kwao ni najisi inayotaka kuoshwa mara saba, moja kwa udongo. Mimi natenga chumba kimoja ambacho mbwa haingii kamwe, na mswala uko humo.

Na Desemba ukienda nyumbani wiki nne? Hoteli ya mbwa ni kama euro 30 kwa siku, yaani karibu tiketi nyingine. Mimi namwachia jirani yangu Mkongomani wa Bukavu. Malipo yake ni kilo mbili za kahawa kutoka Moshi, na huzipima mbele yangu.