Uzoefu wangu: miezi minane ya kupendekezewa nyimbo na simu

Kwa miezi minane sasa ninalipia programu moja ya kusikiliza muziki kwenye simu, na kilichonivuta ni kitu kimoja tu, yaani orodha ya nyimbo 30 ambayo kila Jumatatu asubuhi huandaliwa kwa ajili ya msikilizaji mmoja mmoja kulingana na aliyoyasikiliza wiki zilizotangulia. Mimi ni mpenzi wa muziki wa dansi wa zamani, hizi tunazoziita zilipendwa, na taarabu kwa mbali. Kanda alizoniachia marehemu baba zilishaliwa na unyevu, na redio hurudia nyimbo zilezile kila Jumapili, hivyo nilitaka chombo cha kunikumbusha nilivyovisahau.

Nianze na sifa, maana zipo. Sauti ni safi, nyimbo zinapakuliwa na kusikilizwa bila intaneti, na simu yangu ya bei ya chini haijawahi kukwama kwa sababu ya programu hii. Katika wiki ya tatu orodha iliniletea wimbo wa bendi moja ya Tabora ambao nilikuwa sijausikia tangu nikiwa darasa la nne. Nilikuwa kwenye daladala kuelekea Mbezi, nimesimama, mkono mmoja kwenye bomba, na gitaa la solo lilipoanza nilisahau kabisa kumwambia konda ashushe. Nilikuja kuteremka vituo viwili mbele na kurudi kwa miguu, wala sikujuta. Kwa jioni ile peke yake ada ya mwezi ilikuwa imerudi.

Baada ya hapo mambo yalianza kwenda mrama. Orodha ya wiki ya tano ilikuwa na dansi kidogo sana, ya wiki ya sita ilijaa bongo fleva ya vijana, na ya wiki ya saba ilikuwa na nyimbo za watoto za kujifunza kuhesabu. Hili la mwisho nilijua limetoka wapi, kwa kuwa mpwa wangu hunyang'anya simu kila Jumamosi. Hayo mengine yalinishinda, nikaamua kuomba nakala ya taarifa zangu, haki ambayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inampa mtu hapa Tanzania. Faili lilikuja baada ya siku kadhaa, na ninakiri kwamba lilinifundisha mengi kuliko miezi yote ya kutumia programu yenyewe.

Ndani yake kila wimbo niliowahi kuugusa umeandikwa mstari wake, pamoja na saa, muda niliosikiliza, na sababu ya wimbo kukoma. Saa zimeandikwa kwa saa za dunia, ambazo ziko nyuma ya zetu kwa saa tatu, na ukichanganya na namna yetu ya kuhesabu saa kuanzia alfajiri unahitaji karatasi na kalamu ili kujua ulikuwa wapi. Nilichukua karatasi. Mstari mmoja unasema 15:41, wimbo wa dansi, sekunde nne, umerukwa. Hiyo kwetu ni saa kumi na mbili na dakika arobaini na moja jioni, nami saa hizo huwa Ubungo kwenye foleni, mahali ambapo mtandao wangu hukatika kila siku. Wimbo uligoma kuendelea, nikabonyeza ujao, nao ukagoma, nikabonyeza tena. Mimi nilikuwa natafuta wimbo wowote utakaokubali kupiga, wakati mfumo ulikuwa unaandika kwamba nimeyakataa madansi matano mfululizo.

Mistari ya namna hiyo ni mingi. Upo usiku ambao bando liliisha katikati ya wimbo, na upo mwingine ambao nilipitiwa na usingizi, programu ikaendelea kujipigia yenyewe hadi alfajiri nyimbo ilizozichagua yenyewe, kisha ikazihesabu kuwa nimezipenda kwa sababu zilifika mwisho. Dansi la zamani nalo lina tabia yake: wimbo waweza kufika dakika nane, na chemko lenyewe, yaani sehemu ya kasi ya kuchezea, linakuja mwishoni, kwa hiyo anayefika nyumbani na kuzima simu kabla ya chemko huonekana hakuvutiwa. Wimbo wa dakika mbili na nusu hauna hasara hiyo.

Kwa lugha nyepesi, sehemu kubwa ya kazi ya mifumo hii ni kulinganisha watu: waliosikiliza hiki walisikiliza na kile, basi na wewe pelekewa kile. Ni kazi ya kukisia, na ni ngumu. Netflix ilitangaza mwaka 2006 zawadi ya dola milioni 1 kwa atakayeboresha kwa asilimia 10 usahihi wa kukisia mtazamaji ataipa filamu nyota ngapi, na zawadi hiyo haikupata mwenyewe hadi 2009. Kule angalau watu walikuwa wametoa nyota kwa hiari yao. Simu yangu hainiulizi kitu, inanichungulia tu, na sisi wapenzi wa zilipendwa tulivyo wachache humo ndani, wenzangu wa kulinganishwa nao hawatoshi, ndipo mfumo unapokimbilia kile kinachosikilizwa na wengi.

Kuna na tatizo la majina, ambalo kwangu ndilo linaloudhi zaidi kwa sababu halihitaji akili ya mashine, linahitaji karani anayeujua muziki wetu. NUTA Jazz iliyoanzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi ndiyo iliyokuja kuwa JUWATA Jazz, kisha OTTU Jazz, na leo Msondo Ngoma. Mzee yeyote wa Kariakoo atakueleza hivyo kabla chai haijapoa. Ndani ya programu hii hizo ni bendi nne zisizojuana, kila moja na ukurasa wake. Nikiibonyezea moyo moja, nyingine tatu hazifaidiki. Tena rekodi nyingi zimeandikiwa mwaka zilipowekwa mtandaoni, hivyo wimbo wa enzi za baba yangu unahesabiwa kuwa mpya na kupangwa kapu moja na bongo fleva kwa kigezo kwamba yote ni Kiswahili. Sina ugomvi na bongo fleva. Ugomvi wangu ni hilo kapu.

Dawa ipo, ila imefichwa. Kitufe cha kuzuia programu kujipigia nyimbo baada ya albamu kuisha kiko ndani ya mipangilio, hatua nne kutoka ukurasa wa mwanzo; maneno ya kusema usinipendekezee huu tena yako nyuma ya vidoti vitatu; na kipindi cha faragha, yaani kusikiliza bila kuhesabiwa kwenye mapendekezo, ambacho kingeniokoa na nyimbo za mpwa wangu, nilikigundua kwa bahati baada ya miezi mitano. Moyo wa kusema umependa, kwa upande wake, umewekwa wazi chini ya kidole gumba. Aliyepanga hivi alitaka tuseme ndiyo kwa urahisi na hapana kwa taabu.

Siku hizi napakua nyimbo ofisini, nafunga data kabla ya Ubungo, na mpwa nimemfungulia akaunti yake. Tangu nianze hivyo mapendekezo yamenyooka kidogo, ingawa nimefanya kazi ambayo nilidhani nimewalipa wao waifanye. Naipa nyota tatu kati ya tano: mbili za sauti na upakuaji, moja ya ile jioni niliyopitiliza kituo. Orodha ya Jumatatu iliyopita nimeihesabu: madansi 17, taarabu nne, bongo fleva nane, na wimbo mmoja wa watoto wa kuhesabu hadi kumi, ambao nimeuacha hapohapo kwa sababu Jumamosi utaulizwa.