Unanunua dramu za kuanzia? Inama uangalie pedali

Malalamiko ninayoletewa na wasomaji siku hizi hayahusu mikono. Yanahusu mguu. Mama mmoja wa Mbagala kamnunulia kijana wake seti ya umeme, kijana kajifunza nyumbani likizo nzima, siku alipokalishwa kwenye dramu za kanisani mguu wa kulia ukagoma: kiki (dramu kubwa inayopigwa kwa mguu, na pigo lake) inachelewa, mara inalia mbili pale alipokusudia moja. Msomaji wa Arusha anasema dramu yake kubwa inatembea. Wimbo ukifika kiitikio keshavuta kiti mara mbili kuifuata. Mwingine anauliza kama ni kawaida kifundo kuuma baada ya dakika chache tu.

Wote walichagua kwa kuangalia rangi, idadi ya vipande na idadi ya sauti. Hayo sitayagusa, yamejaa kwenye kila tangazo. Mimi nataka uiname uangalie kilicho chini ya mguu wa kulia, maana hapo ndipo watengenezaji wanapobana gharama na wauzaji wanapokaa kimya.

Kumbuka seti ya dramu yenyewe imezaliwa na pedali. Zamani dramu kubwa ilikuwa na mtu wake na snea, ile dramu ndogo yenye sauti kali, ilikuwa na mtu wake. Pedali za mwanzo zilikuwepo lakini zilikuwa nzito na za polepole, mpaka William F. Ludwig wa Chicago alipotengeneza yake ya haraka, na mwaka 1909 yeye na nduguye Theobald wakafungua kampuni kuiuza. Tangu pedali ikubali mwendo wa mguu, mtu mmoja akaweza kukaa akapiga vyote. Leo unauziwa seti yenye sauti mia kadhaa na chini yake kitu ambacho si pedali kabisa.

Pedali ya kweli ina ubao wa kukanyagia, cheni au mkanda, springi, na kinyundo. Ukikanyaga, kinyundo kinakwenda mbele, kinagonga ngozi, ngozi inakirudisha, springi inakipokea. Huko kurudi ndiko mguu unakojifunza. Baada ya muda mguu wenyewe unajua uzito wa kinyundo, unajua ukikandamiza kinaganda kwenye ngozi na sauti inakufa, na ukikanyaga kwa kusitasita kinaruka na kugonga tena bila ruhusa yako. Zile kiki mbili za kijana wa Mbagala zimetoka hapo.

Seti nyingi za umeme za bei ya chini hazina kinyundo. Zina kanyagio lenye kihisio ndani, unabonyeza, sauti inatoka kwenye hedifoni. Ni kimya, na anayeishi ghorofani namwelewa. Lakini hakuna kinachobembea wala kinachorudi, kwa hiyo mkono unajifunza dramu na mguu unajifunza kubonyeza swichi. Miezi ikipita unakuwa na mtu ambaye nusu yake ya juu ni mpigaji na ya chini bado hajaanza.

Sasa nianze kupanga, na nasema wazi kwamba mimi ni mtu wa Yamaha. Wanatengeneza dramu tangu 1967, na kinachonifunga kwao ni vyuma: nati zao zinashika, skurubu zao haziliki meno upesi.

Namba moja kwangu ni Yamaha DTX432K. Soma hiyo namba vizuri, kwa sababu ina ndugu anayefanana naye sana, DTX402K, na dukani utaambiwa ni kitu kimoja. Si kimoja. 402K inakuja na KU100, kanyagio lisilo na kinyundo nililolieleza hapo juu. Ndiyo, hata Yamaha wanalo, na kuwapenda hakunizuii kusema usilichukue. 432K inakuja na KP65, pedi ya kiki inayosimama sakafuni, pamoja na pedali halisi yenye cheni na kinyundo. Kiboksi cha sauti ni kilekile, chenye seti 10 za sauti na mazoezi 10 ya kumfundishia anayeanza. Tofauti ya pesa kati ya hizo mbili imekaa chini ya mguu wako karibu yote, na ni pesa halali. Ipo na DTX452K, hiyo inaongeza snea yenye sehemu tatu za kupigia. Nzuri, lakini anayeanza anaweza kuisubiri.

Namba mbili ni kwa mwenye uwanja, nyumba ya peke yake, au kwaya inayonunua kwa mchango: Yamaha Stage Custom Birch iliyotumika, dramu za kawaida zisizo za umeme. Mwili wake ni mti wa birch mtupu, sauti imekaza na haihitaji kubembelezwa. Hapa tatizo linageuka. Dramu ni nzuri, ila mara nyingi zinauzwa bila matoazi na bila pedali, na muuzaji akijaza pengo anajaza na alichonacho stoo. Nunua dramu kwake, pedali nunua mwenyewe. Ninayowaelekeza wanaoanza ni Yamaha FP7210A: cheni moja, haina bamba la chini, nyepesi, inakunjika na kuingia kwenye begi la mgongoni. Ukiwa na pedali yako unaweza kuhamia kanisa lolote, ukafunga na kupiga, mguu usijue kwamba umehama.

Pearl Export naiweka palepale, nyuma kidogo. Ilitoka mwaka 1982 na imeuzwa duniani kote, ndiyo maana iliyotumika haikosekani na vipuri vyake vinatafutika. Ukikutana na Export iliyotunzwa na Stage Custom iliyochoka, chukua Export, wala usiniulize.

Alesis Nitro, iwe Mesh au Max, ndiyo seti ya umeme ya bei ya chini ninayoikubali, kwa sababu moja tu: ina mnara wa kiki, yaani nguzo inayoshika pedi ya kiki, na pedali yenye kinyundo. Pedali yenyewe ni nyepesi na mnara unapenda kusogea, lakini mnara huo unakubali pedali ya kawaida, kwa hiyo ukipata pesa unabadilisha kipande kimoja na safari inaendelea. Pedi zake ni za wavu, hazipigi kelele. Mshindo wa kinyundo, hata hivyo, unashuka moja kwa moja kwa jirani wa chini. Weka kitu kizito cha mpira chini yake na uchague saa za kistaarabu.

Pearl Roadshow, nayo si ya umeme, ni ya mwisho katika ninazozitaja kwa jina. Ni mpya, inakuja na kila kitu mpaka kiti na matoazi, na kwa familia isiyotaka kuzunguka madukani inaondoa usumbufu. Pedali ni ya kuanzia na matoazi utayachoka mapema.

Zile za mpira zinazokunjwa kama mkeka, zenye vikanyagio vya waya, sizipangi. Kama pesa ndiyo hiyo, nunua vijiti vya saizi ya 5A, pedi moja ya mazoezi na pedali iliyotumika, na umeme ukikatika mazoezi hayakatiki.

Za watoto zenye kiki ya inchi 16 zina ugonjwa wake. Ukifunga pedali ya saizi ya kawaida, kinyundo kinagonga juu, karibu na ukingo, badala ya katikati. Hapo unahitaji kifaa cha kuinulia dramu, au kinyundo kishushwe kwenye fito yake mpaka kiangukie mahali pake. Muulize muuzaji swali hilo, utajua papo hapo kama anajua anachouza.

Dukani fanya hivi kabla ya kutoa hela. Vuta kinyundo kwa kidole mpaka kikaribie ngozi, kisha kiachie kibembee chenyewe. Pedali nzima inabembea muda mrefu, mwendo ukipungua taratibu. Iliyochoka inabembea kidogo na kusimama, na ukitega sikio utasikia inasugua. Halafu shika ubao wa kukanyagia uutikise kulia na kushoto: ukicheza kwenye bawaba, achana nao. Angalia kibanio kinachoshika ukingo wa dramu, kiwe na mpira, na nati yake ikazike kwa vidole bila kulazimishwa. Vua kiatu, weka mguu wako wote juu ya ubao. Kifundo kinachouma mara nyingi ni springi iliyokazwa kupita kiasi au kiti kilicho chini mno, na vyote vinarekebishwa kwa dakika moja.

Ndugu yangu wa Arusha, dramu yako inatembea kwa sababu ya malumalu. Miguu ya mbele ya kiki ina vizibo vya mpira. Kwenye nyingi ukivizungusha ncha za chuma zinatokea, nazo zinataka zulia la kung'ata. Mkeka hautakusaidia, utateleza pamoja na dramu. Tafuta kipande cha zulia zito chenye mpira chini, na kiti chako kikae juu ya zulia hilohilo, uzito wako ulishikilie.

Wauzaji nao wanastahili maneno yao. Nimechoka na tangazo la "seti kamili" ambalo ukifika Kariakoo unakuta kiti kinauzwa kando, pedali kando, hedifoni kando, na bei ya mwisho haifanani na iliyokutoa nyumbani. Nimechoka na "bei njoo inbox". Kitu kipo dukani, bei yake kwa nini iwe siri? Na lipo jambo baya zaidi, la pedali ya asili kutolewa kwenye boksi na kuwekwa nyingine isiyo na jina. Nimesimama dukani nikaonyesha picha ya boksi na pedali iliyokuwa mbele yetu, kijana akanijibu, "Dada, pedali zote ni sawa tu, inagonga si inagonga?" Mzazi asiyejua anakubali, analipa, na mtoto anaubeba mzigo huo miaka.

Kwa hiyo ukilipia, taka risiti iandike kila kipande kwa jina na namba yake: kiboksi, pedi, pedali, kiti, fito, adapta. Boksi lifunguliwe mbele yako kabla pikipiki haijaitwa. Muuzaji akikataa kuandika namba ya pedali, duka la pili haliko mbali.