Jumamosi sita pamoja na nabii Amosi: tathmini ya mafunzo niliyohudhuria Bukavu

Kwa muda wa Jumamosi sita mfululizo, kuanzia saa nane mchana hadi saa kumi na moja ili kila mtu awahi kufika nyumbani kabla ya giza, nilihudhuria mafunzo juu ya nabii Amosi katika ukumbi wa kanisa moja hapa Bukavu, upande wa Ibanda. Ada ilikuwa dola 5, pamoja na kijitabu cha fotokopi. Waandaaji sitawataja, kwa sababu nina lawama juu yao na sipendi igeuke kuwa ugomvi wa mtaa. Lakini kwa kuwa wameniambia kwamba mafunzo hayo yatarudiwa, nimeona wanaofikiria kujiandikisha wastahili kujua watakachokipata.

Sifa ya kwanza ni ya mwalimu. Nilizoea kusikia kwamba Amosi alikuwa mchungaji maskini aliyeitwa na Mungu kutoka porini, na wahubiri wetu hulipenda sana wazo hilo. Mwalimu alituonyesha kwamba neno la Kiebrania linalotumika kumweleza katika mstari wa kwanza wa kitabu chake linapatikana mahali pengine pamoja tu katika Biblia, katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, na huko linamweleza Mesha, mfalme wa Moabu, mwenye kondoo kwa maelfu. Basi huenda Amosi wa Tekoa, kijiji cha Yuda kilichoko kusini mwa Bethlehemu, alikuwa mfugaji mwenye mali yake na mtunza mikuyu, mtu aliyejua masoko na bei zake. Hoja hii iliubadilisha usomaji wangu wote. Yeye anaposema juu ya mizani anasema kama mtu aliyekwisha kupimiwa, na pengine aliyekwisha kupima.

Jumamosi ya pili ilikuwa ya ramani. Mwalimu alichora kwa chaki nchi ya Israeli, ufalme wa kaskazini ambako Amosi alihubiri, katikati ya ubao, kisha akaanza kusoma sura ya kwanza na ya pili, akipiga mstari kwa kila taifa linalohukumiwa kwa makosa matatu, naam, manne: Dameski juu kulia, Gaza chini kushoto, Tiro juu kushoto, Edomu chini kulia, halafu Amoni, Moabu, na hata Yuda, nchi ya nabii mwenyewe. Mistari ilikatana juu ya Samaria, mji mkuu wa Israeli. Wasikilizaji wa Amosi, waliokuwa wakiitikia kwa furaha kila jirani alipotajwa, walijikuta wamo ndani ya duara, nao wakashtakiwa kwamba humuuza mwenye haki kwa fedha na mhitaji kwa jozi ya viatu. Hayo yalisemwa katikati ya karne ya 8 kabla ya Kristo, wakati Yeroboamu wa Pili, mfalme wa Israeli, alipokuwa amepanua mipaka, na wakubwa wa Samaria walilala juu ya vitanda vilivyopambwa kwa pembe za ndovu. Vipande vya mapambo hayo vilifukuliwa na wachimbuzi katika magofu ya Samaria.

Lakini kilele cha mafunzo, kwa maoni yangu, kilikuwa Jumamosi ya nne, tulipofika sura ya 8. Wafanyabiashara wanaolalamikiwa hapo wanasubiri sabato ipite wapate kufungua ghala, huku wakipanga kuipunguza efa na kuiongeza shekeli. Miaka yote niliusoma mstari huo bila kuuelewa. Efa ni chombo cha kupimia nafaka. Ukikipunguza, mnunuzi anapewa kidogo. Shekeli wakati huo haikuwa sarafu, kwa maana sarafu hazikuwako bado katika nchi ile: ilikuwa jiwe la kupimia fedha kwenye mizani, lenye gramu 11 hivi, ukiliongeza uzito, mnunuzi analazimika kuweka fedha nyingi zaidi upande wa pili. Maskini anaibiwa kwa mikono miwili kwa wakati mmoja, halafu anauziwa makapi pamoja na ngano.

Hapo mwalimu akatoa chini ya meza guigoz, kopo la maziwa ya unga ambalo masoko yetu yote hupimia maharagwe na unga, akaliweka mbele yetu bila kusema neno. Mama mmoja muuza maharagwe sokoni Kadutu, aliyekuwa kimya tangu siku ya kwanza, akainuka, akalichukua, akaligeuza na kupitisha kidole kwenye kitako chake. Akasema, «Mwalimu, hili limepigwa tumbo.» Kweli, kitako kilikuwa kimesukumwa kwa ndani kiasi cha unene wa kidole. Kisha akatufundisha mengine ambayo mwalimu hakuyajua: namna ya kuacha vidole vinne ndani ya kopo unapolijaza, namna ya kumwaga polepole ili punje zikae wazi wazi, na namna ya kuweka kilele cha maharagwe juu ili mteja atazame kilele asitazame kitako. Alisema haya yote bila aibu, akaongeza kwamba hata yeye hununua gunia lililokwisha kupunguzwa kabla halijafika kwake. Mwalimu alifanya jambo la busara: alikaa. Nusu saa iliyofuata ilikuwa ya yule mama, na hakuna aliyeangalia saa.

Tetemeko la ardhi pia lilichukua muda mrefu, na sikuchoka. Kitabu chasema kwamba Amosi alipata maono yake miaka miwili kabla ya tetemeko katika siku za mfalme Uzia, tetemeko lililokumbukwa hivi kwamba nabii Zekaria bado analitaja baada ya karne kadhaa. Kwa wasomaji wa kwingineko hiyo ni tarehe tu. Kwa watu wa Bukavu walioikimbia nyumba yao Jumapili asubuhi ya tarehe 3 Februari 2008, kuhesabu miaka kwa tetemeko ni jambo la kawaida. Nusu ya ukumbi walianza kuambiana walikuwa wapi siku hiyo, na ilibidi waombwe kunyamaza.

Sasa lawama. Jumamosi ya tatu ilipaswa kuwa ya sura ya 4 na ya 5. Humo ndimo Amosi anapowaalika watu kwa kejeli waende Betheli, mahali pa ibada pa Israeli, wakakose, walete zaka zao kila siku ya tatu, kwa kuwa ndivyo wapendavyo. Humo Mungu anasema amezichukia sikukuu zao, hataki kelele za nyimbo zao, bali haki ibubujike kama maji. Sehemu hiyo ilipewa robo saa. Mwalimu, ambaye angeweza kuzungumza saa nzima juu ya mkuyu mmoja, alisoma haraka, akasema kwamba nabii alikuwa anapinga ibada za uongo za zamani, akafunga. Kijana mmoja alipouliza kama maneno yale yanahusu pia michango ya siku hizi, aliambiwa kwamba swali lake litajibiwa baadaye. Halikujibiwa. Nami nakumbuka vizuri kwamba siku hiyohiyo kikapu cha sadaka kilipita mara mbili, ijapokuwa tulikuwa tumelipa ada.

Si jambo dogo. Sura ya 7 inaeleza jinsi Amazia, kuhani wa Betheli, alivyopeleka mashtaka kwa mfalme na kumwambia Amosi akimbilie Yuda, akale mkate huko, kwa sababu Betheli ni patakatifu pa mfalme. Ukiiruka hasira ya nabii juu ya sadaka, huwezi kueleza kwa nini kuhani ndiye aliyetaka aondoke. Tena, kwa bahati mbaya ambayo naamini ni bahati mbaya tu, kijitabu changu kilikosa kurasa za sura hiyohiyo ya 7. Viwili vya jirani zangu vilikuwa hivyohivyo.

Sura ya 9 ilirudisha heshima ya mafunzo. Mstari unaowaambia wana wa Israeli kwamba mbele za Mungu wao ni kama Wakushi, watu wa Afrika kusini mwa Misri, na kwamba yeye aliyewatoa Misri aliwatoa pia Wafilisti Kaftori, ulizua mjadala mkali, na safari hii mwalimu hakuukimbia.

Kwa jumla nawapa 7 kwa 10. Kwa dola 5 nilipata zaidi ya nilivyotarajia. Anayejiandikisha asiketi upande wa jenereta, na akague kijitabu chake mlangoni, ukurasa kwa ukurasa. Kurasa zangu nilizidai mara tatu ofisini; nilipewa wiki mbili baada ya mafunzo kwisha, nikatozwa faranga za fotokopi.