DBT kwa kijana mwenye hasira za ghafla: tulichokutana nacho hapa Kent, jimbo la Washington, Marekani

Akina mama wasiopungua sita wameniuliza, wote kwa kunong'ona, ile tiba ya mwanangu ni kitu gani na kama inafaa. Nimechoka kujibu mmoja mmoja WhatsApp, kwa hiyo naandika mara moja. Kijana ameniruhusu kusimulia hata habari ya mlango aliouvunja, sharti nisimtaje jina.

Inaitwa DBT (Dialectical Behavior Therapy), tiba ya mazungumzo inayomfundisha mtu mbinu za kutuliza hisia kali, na imezaliwa jirani yetu kabisa, Chuo Kikuu cha Washington pale Seattle. Mwanasaikolojia Marsha Linehan alitoa kitabu chake cha mwongozo mwaka 1993, kwa ajili ya watu wazima waliokuwa wakijiumiza na kutaka kujiua. Baadaye Alec Miller na Jill Rathus wakairekebisha iwafae vijana, wakawaingiza na wazazi darasani. Hilo la wazazi sikulijua. Nilidhani nitamshusha mtoto mlangoni nikasinzie garini, maana huwa natoka zamu ya usiku. Wakanionyesha kiti changu.

Jambo jingine la kujiandaa nalo: hapa Washington mtoto akifika miaka 13 anaweza kuridhia mwenyewe matibabu ya afya ya akili. Walimuuliza yeye kwanza kama anataka, mimi nimekaa pembeni kama mgeni. Iliniuma. Lakini ndiye aliyetia saini, na wiki alizogoma kwenda walimkumbusha saini yake, si amri yangu.

Kila wiki alikuwa na saa moja na mshauri wake, halafu Jumatano jioni familia tano tunakaa duara moja kujifunza mbinu. Kila siku anajaza kadi: hasira ya leo ni ngapi, kuanzia 0 hadi 5, na ametumia mbinu gani. Akiharibu, hakuna mahubiri. Wanarudi naye nyuma hatua kwa hatua, kama fundi anayetafuta bomba lilipovuja. Siku ya mlango, sote tulijua kilichoanzisha ni mimi kumnyang'anya simu. Kumbe alikuwa hajala tangu asubuhi, na kwenye basi la shule kuna mtoto aliyekuwa akiigiza lafudhi yangu, wenzake wanacheka. Miezi yote hiyo hakuwa ameniambia.

Kuna mbinu ya maji ya baridi. Unajaza beseni, unainama, unabana pumzi na kuzamisha uso kwa sekunde kama 30. Mwili unadhani umepiga mbizi, mapigo ya moyo yanashuka, na hapo ndipo maneno huanza kuingia kichwani. (Mwenye matatizo ya moyo amuulize daktari kwanza.) Sisi tunatumia beseni letu la bluu la kuoshea mchele. Mara ya kwanza aliinua uso, kope zinachuruzika, akasema, "Mama, naomba taulo," kwa sauti yake ya kila siku. Nilishajiandaa kupigiwa kelele, nikabaki nimemkodolea macho.

Sasa lawama. Tulisubiri miezi minne kupata nafasi. Namba ya kumpigia mshauri mambo yakichacha ilifanya kazi vizuri mchana, lakini usiku, wakati ambao nyumba yangu ndiyo inawaka, iliita tu. Na mkalimani wa kwenye simu! Alikuwa akisema "mkubali hasira za mtoto", "ukubali anachohisi". Nikubali nini, milango ivunjwe? Wiki tatu nilikaa pale nimenuna, hadi baba mmoja Mkenya aliponiinamia: "Dada, hawa wanachotaka ni pole tu."

Nikaelewa papo hapo. Mtu akijikwaa unamwambia pole, na si wewe uliyeweka jiwe. Humwambii ana haki, wala humwambii hana macho. Siku hizi kijana akirudi amefura, naanza na "pole baba, leo imekuwa nzito," ndipo namuuliza kuhusu vyombo alivyoacha kwenye sinki. Na simu bado naichukua saa nne usiku, hilo halikubadilika.

Gharama: kwa kuwa tuko Apple Health, yaani Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo hapa jimboni, hatukulipa hata senti, na mkalimani naye halipiwi. Ukipiga simu kliniki, uliza kama wana yote: mshauri wa peke yake, darasa la familia, simu ya dharura, na kikao cha washauri wenyewe kujadiliana kazi zao. Wapo wanaotoa darasa peke yake na bado wanaliita DBT.

Wiki 20 zimekwisha. Kelele bado zipo, mlango mpya haujaguswa. Nyota nne. Ya tano nawashikia hadi wamlete mkalimani anayejua pole ni nini.