Tiba ya EMDR: Lipia Mtaalamu, Usilipie Taa

Ukitafuta huduma ya EMDR, tiba ya kiwewe inayotumia miondoko ya macho, kwanza utaonyeshwa vifaa: taa inayokimbia kushoto na kulia, vidude vya kutetema viganjani, vipokea sauti vya masikioni. Vifaa hivyo ndivyo vyenye uzito mdogo kuliko vyote katika tiba hii. Anayestahili pesa yako ni mtaalamu anayejua kumbukumbu ifunguliwe lini na ifungwe lini.

Tukio la kutisha linapotokea, amigdala, sehemu ya ubongo inayoshughulikia hofu, hupiga mbiu, kemikali za msongo noradrenalini na kortisoli hupanda, na tukio hukazwa akilini kuliko mambo ya kila siku. Hipokampasi, sehemu nyingine ya ubongo, ndiyo inayolifunga tukio na mahali na wakati wake, lakini msongo ukipita kiasi kazi hiyo hulegea. Ndiyo maana harufu au mlio mmoja huweza kurudisha hofu nzima kana kwamba jambo linatokea sasa hivi. Hata hivyo kumbukumbu ya hofu si jiwe. Mwaka 2000 watafiti Karim Nader, Glenn Schafe na Joseph LeDoux waliamsha kumbukumbu ya hofu katika panya, kisha wakaingiza kwenye amigdala dawa inayozuia utengenezaji wa protini. Hofu ilipungua. Dawa ilipocheleweshwa kwa saa 6, haikufua dafu. Yaani kumbukumbu iliyoamshwa hubaki wazi kwa muda tu.

EMDR, iliyoanzishwa na Francine Shapiro wa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1980, nayo huanza kwa kuiamsha kumbukumbu, bila dawa. Maelezo yanayotushawishi zaidi ni haya: sehemu ya akili inayoshikilia mambo ya papo kwa hapo ina nafasi finyu. Ukiishika picha ya tukio huku macho yakifuata kidole cha mtaalamu kikienda kushoto na kulia, picha hukosa nafasi, hufifia, na huhifadhiwa upya ikiwa imepungua makali. Madai kwamba macho yakienda huku na huku “huunganisha pande mbili za ubongo” yanapendwa sana na wauzaji. Ushahidi wake ni mwembamba.

Huduma kamili ina awamu 8. Mbili za mwanzo ni kuchukua historia na kukuandaa: kupumua, kutuliza mwili, kukubaliana ishara ya kusimamisha. Katika ya tatu unachagua picha mbaya kuliko zote, wazo baya linaloambatana nayo (“sina uwezo wowote”) na wazo unalotaka lishike nafasi yake. Usumbufu hupimwa kwa 0 hadi 10, imani katika wazo jipya kwa 1 hadi 7. Awamu ya nne ndiyo watu wanayoijua: mizunguko ya miondoko ya macho, kila mmoja kama nusu dakika, kisha swali fupi, “Unaona nini sasa?” Mtaalamu mzuri hapo hanyamazi kwa kukosa la kusema. Ananyamaza kwa sababu akianza kufasiri, anakata mkondo. Usumbufu ukikaribia 0, wazo jipya huimarishwa, mwili hukaguliwa toka utosini hadi nyayoni, kikao hufungwa, na kijacho huanza kwa kupima tena.

Huduma nyingi huharibikia kwenye muda. Kikao cha dakika 50 mara nyingi hukatika kumbukumbu ikiwa wazi, na mteja huondoka akitetemeka. Dakika 90 ni salama zaidi. Kosa la pili ni kuruka maandalizi. Mtu anayezoea kujitenga na hisia zake, anayeganda au kupoteza fahamu ya mahali alipo, akipelekwa moja kwa moja kwenye awamu ya nne anaweza kuzidiwa kabisa. Namba ya usumbufu ikikwama kwenye 5 mzunguko baada ya mzunguko, kuongeza kasi ya kidole hakusaidii. Mara nyingi chini yake kuna tukio la zamani zaidi, na hilo ndilo la kushughulikiwa kwanza.

Kuhusu vifaa: vidole viwili vya mtaalamu vinatosha. Mwenye matatizo ya macho hugongwagongwa viganjani kwa zamu. Vipokea sauti tungeviacha, kwani katika majaribio milio ya kupokezana masikioni imepunguza makali ya picha kidogo kuliko miondoko ya macho. Programu za simu za kujitibu peke yako hazifai kabisa kwa kiwewe, maana hakuna wa kuona kwamba umeganda.

Shirika la Afya Duniani liliipendekeza EMDR mwaka 2013 kwa watu wenye msongo wa baada ya kiwewe. Faida yake dhidi ya tiba nyingine za kiwewe ni kwamba hulazimiki kusimulia tukio lote kwa kina, wala hupewi kazi nzito za nyumbani. Kwa tukio moja la ukubwani, vikao 8 hadi 12 ni kawaida. Mateso ya utotoni yaliyojirudia huchukua zaidi, na anayeahidi kuyamaliza kwa kikao kimoja apitwe. Kabla ya kulipa, uliza: kikao kikiisha usumbufu wangu ukiwa bado 7, utafanya nini kabla sijatoka mlangoni?