Mashine ya presha ya nyumbani: nzuri, ila angalia mkanda kwanza

Hizi mashine za presha za kidijitali zimejaa mjini siku hizi, ukikatiza Kariakoo unazikuta mpaka kwenye meza za chaja na kava za simu, na bei zinapishana balaa, kwa hiyo ngoja niseme ya kwetu maana bi mkubwa anaitumia asubuhi na jioni. Ni ile ya kufunga juu ya kiwiko, inatumia betri 4 ndogo na ina tundu la adapta. Tuliinunua duka la vifaa tiba hukohuko Kariakoo, ndani, sio mezani.

Kilichonikosha ni yule dada wa dukani. Kabla hata hajatoa boksi akamwamkia mama, akauliza atakayepimwa ni nani, akachukua futi kama ya fundi cherehani akamzungushia mkono katikati ya bega na kiwiko. Sentimita 36. Akatuonyesha mkanda uliomo kwenye boksi, umeandikwa 22–32. "Mama, huu ukikubana utakuandikia presha kubwa kuliko uliyonayo." Akatuletea mkubwa, tukaongeza hela kidogo. Sasa jiulize wangapi wanauziwa tu boksi, wanaenda nyumbani wanafunga mkanda unaovimba mpaka unabanduka, halafu wanakesha na wasiwasi.

Utumiaji wake ni rahisi, kitufe kimoja tu. Mkanda unajaa upepo unabana mshipa, halafu unaachia taratibu huku mashine inasoma mtikisiko wa damu inavyopita, ndo maana ukiongea au ukitikisa mkono namba zinaharibika. Kaa kwanza kama dakika 5, mgongo umeegemea, miguu chini usiikunje nne, mkono juu ya meza usawa wa moyo, na kama mkojo umebana nenda kwanza. Kahawa na sigara ziwe zimepita nusu saa. Pima mara mbili, acha dakika moja katikati, andika zote.

Mama yeye alikuwa wale wa "mimi kichwa hakiniumi, presha nitoe wapi", na mtaani kwetu wengi wanaamini hivyohivyo, kwamba presha lazima ikupige kisogoni ndo ujue unayo. Jamani presha mara nyingi haina dalili yoyote! Mashine ikawa inaonyesha 158 kwa 96, kesho yake 154 kwa 94, na mama yuko fiti kabisa anafagia uwanja anaimba kwaya. Tukabeba daftari kliniki, daktari akalisoma lote, akampima na yeye, akamwanzishia dawa. Alituambia wakikupima hospitali wanaanza kushtuka kwenye 140 kwa 90, ila za nyumbani ni 135 kwa 85, kwa sababu watu wengi presha hupanda wakimwona tu daktari.

Mapungufu yapo. Kitabu cha maelezo ni Kiingereza na Kichina tu, mtu mzima wa Mbagala atakisoma vipi? Vitu vinauzwa Tanzania hii, karatasi moja ya Kiswahili inawashinda nini, imeniudhi sana hii. Alama ya mapigo yasiyo sawa nayo inatokea kwenye kioo bila maelezo ya kueleweka, na ndo alama muhimu maana mwenye mapigo ya kurukaruka mashine hizi zinaweza kumsoma vibaya, inabidi akapimwe hospitali kwa ile ya kupampu kwa mkono.

Zile za kufunga kwenye kifundo cha mkono ni bei poa na zinabebeka ila mi sizishauri, ukishusha mkono kidogo tu chini ya moyo namba inapanda. Kama ndo uliyonayo basi iinue mpaka usawa wa kifua.

Na ikisoma 180 kwa 120 au zaidi, tulia dakika chache urudie, ikibaki hapohapo piga simu kwa daktari siku hiyohiyo. Ila kama kuna kifua kubana, pumzi kukata, mdomo kwenda upande au maneno kuvurugika, hapo usirudie kupima wala usimeze vidonge vya jirani, tafuta gari hospitali muda huohuo.

Sisi ilitutoka elfu 90 na mkanda mkubwa juu. Ukienda kununua nenda na huyo mgonjwa mwenyewe, au mpime mkono kabisa kwa futi ukiwa nyumbani, na mwambie muuzaji aiwashe akupime palepale kabla hujatoa hela.