Kaunsela na daktari wa akili kupeana habari: uzoefu wangu Kisumu

Ninachopima hapa ni huduma isiyo na bango mlangoni: mawasiliano kati ya kaunsela wangu, mwenye ofisi ya kibinafsi mtaa wa Milimani, na kliniki ya afya ya akili ya hospitali ya umma ninakochukulia lithiamu, dawa yangu ya bipola (ugonjwa wa hisia kupanda mno na kushuka mno). Kila upande ukiwa peke yake naupa nyota tano. Kwa kuwasiliana wao kwa wao, miezi ya kwanza walipata moja na nusu. Sasa ni nne. Watu ni wale wale. Iliyobadilika ni karatasi.

Kwanza hesabu ya muda, maana shida yote inaanzia hapo. Kaunsela ananiona dakika 50 kila wiki. Daktari ananiona kama dakika 10 kila baada ya wiki 6, foleni ikiwa imefika kwenye ngazi. Kwa hiyo anayejua ninalala saa ngapi si yule anayeandika dawa, na mwenye majibu ya damu hajui usingizi wangu. Kwa mgonjwa wa bipola hilo ni pengo baya. Usingizi ukishuka kutoka saa 7 hadi saa 4 kwa usiku na mtu bado amechangamka, kaunsela anajua mgonjwa anapanda. Daktari asipoambiwa anaona mtu mcheshi, aliyevaa vizuri, na anaandika aendelee vivyo hivyo. Kinyume chake ni mikono kutetemeka. Lithiamu hutetemesha mikono hata dozi ikiwa sawa, na ikizidi mwilini hutetemesha zaidi. Kaunsela ambaye hajaambiwa kwamba dozi imeongezwa juzi atakufundisha kuvuta pumzi polepole ili kutuliza wasiwasi, na atakufundisha kwa wiki tatu.

Fomu ya idhini niliyopewa mara ya kwanza ilikuwa na sentensi moja: nakubali habari zangu zipewe "wahudumu wengine wa afya inapobidi". Hiyo ni pana mno. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaziweka habari za afya kwenye kundi la data nyeti, na inakupa haki ya kuondoa idhini uliyotoa. Dai fomu inayotaja nani anampa nani, habari zipi, kwa kazi gani na hadi tarehe gani. Yangu ya sasa inaruhusu jina la ugonjwa, dawa na dozi, usingizi, alama za dodoso la huzuni, na hatari ya kujidhuru. Mambo ya ndoa, ya ukoo na ya kanisani tuliyakata kwa kalamu, kila mmoja akaweka sahihi pembeni. Kaunsela mzuri atakueleza pia, siku ya kwanza kabisa, kwamba maisha yakiwa hatarini anaweza kuvunja siri bila kungoja fomu.

Mtego ambao haukuniingia akilini ni huu: idhini ya upande mmoja. Fomu iliyosainiwa kwa kaunsela inamruhusu kaunsela kusema. Haimruhusu daktari kujibu. Karani wa kliniki alikataa kutoa habari yoyote kwenye simu na, kwa kweli, alikuwa sahihi. Saini nakala mbili, moja ibaki kwa kaunsela, ya pili ibanwe ndani ya faili la hospitali. Angalia pia tarehe ya mwisho. Fomu ya miezi 6 hufa kimyakimya, na utajua siku unapoihitaji.

Sasa barua, ambayo ndiyo roho ya huduma hii. Ya kwanza ilikuwa kurasa 3, imeanza na utoto wangu. Daktari aliipokea, akaigeuza, akaiweka. Simlaumu; watu 30 wakiwa nje huwezi kusoma kurasa tatu. Ya sasa haizidi nusu ukurasa na ina mambo haya kwa mpangilio huu: namba ya faili na tarehe, dawa kama zinavyomezwa kweli, pamoja na siku zilizorukwa, wastani wa saa za usingizi kwa siku 14, alama mbili za PHQ-9 (dodoso hilo la huzuni) na tarehe zake, halafu swali moja. Swali moja tu, linaloweza kujibiwa na daktari. Mfano: "Usingizi umeshuka hadi saa 4 kwa siku 9, hasikii uchovu. Je, aje kabla ya tarehe yake?" Barua yenye maswali matano hurudi bila jibu hata moja.

Chini ya swali kuna mstari, na nusu ya chini ya ukurasa imeachwa wazi ikiwa na vichwa vinne vilivyochapwa: dozi sasa, kilichobadilika, dalili za kuangalia, tarehe ijayo. Daktari anajaza kwa kalamu pale pale nikiwa nimekaa. Inamchukua chini ya dakika 2. Hakuna barua ya pili ya kuandikwa, wala ya kufuatilia kwa simu. Hii ni hila ndogo ya kaunsela wangu na ningemwongezea nyota kwa ajili yake peke yake.

Kuhusu PHQ-9: ni maswali 9, kila moja alama 0 hadi 3, jumla 27, na yanauliza wiki mbili zilizopita. Jumla ya 10 au zaidi humfanya mhudumu aangalie kwa makini. Lakini jumla peke yake haitoshi. Swali la 9, la mawazo ya kufa au kujidhuru, liandikwe kando na jibu lake, maana mtu anaweza kuwa na jumla ndogo na bado swali hilo likawa na alama 2. Tena dodoso hili linapima kushuka, halipimi kupanda. Kwa bipola, alama 1 pamoja na usingizi wa saa 4 si habari njema hata kidogo.

Lugha nayo inapoteza mengi. Mazungumzo yetu ni Kiswahili na Kijaluo kidogo, barua inaandikwa Kiingereza. "Mawazo mengi" mtaani inaweza kuwa wasiwasi wa kodi, inaweza kuwa huzuni, inaweza kuwa mawazo yanayokimbia bila breki. Ikitafsiriwa kuwa huzuni, daktari anaweza kuongeza dawa ya kuinua moyo, na dawa hiyo ikitolewa ovyo humpandisha mgonjwa wa bipola. Nimeomba maneno yangu yaachwe kama nilivyoyasema, ndani ya alama za kunukuu. Wanakubali bila shida.

Damu. Kipimo cha lithiamu huchukuliwa saa 12 baada ya dozi ya mwisho. Ukimeza saa tatu usiku, sindano iwe saa tatu asubuhi, na dozi ya asubuhi kama unayo usiimeze kwanza. Kliniki ikiwa na foleni na damu ikatolewa saa saba mchana, jibu litaonekana chini kuliko lilivyo. Ukimeza kabla ya sindano, litaonekana juu. Mwambie wa maabara aandike saa ya dozi na saa ya sindano kwenye fomu; hawaulizi wenyewe. Baada ya dozi kubadilishwa, kipimo hurudiwa siku 5 hadi 7 baadaye. Wengi hulengwa kati ya milimoli 0.6 na 1.0 kwa lita ya damu. Figo na tezi ya shingo hupimwa karibu kila miezi 6, na majibu ya tezi yamfikie kaunsela pia. Lithiamu inaweza kuipunguzia tezi nguvu, na uchovu wake unafanana sana na huzuni. Hakuna mazungumzo yatakayoponya tezi.

Mwili ukikosa maji na chumvi, figo huishikilia lithiamu. Kwetu hapa sababu haziishi: joto la Kisumu, kuhara, malaria ya kutapika, mfungo wa siku tatu wa maombi. Mara nyingi anayesikia kwanza kuhusu mfungo ni kaunsela. Ongeza hapo dawa za maumivu za dukani, brufen na diklofenaki, ambazo huuzwa kama peremende na hupandisha lithiamu kwenye damu; paracetamol haina shida hiyo. Kaunsela hagusi dozi, si kazi yake. Ila amepewa orodha ya mistari minne kutoka kliniki: kutapika au kuhara, kuyumba, ulimi mzito, mikono kutetemeka kupita kawaida. Akiona mojawapo ananipeleka hospitali siku hiyo hiyo, haandiki barua. Nyakati ambazo ofisi zote mbili zimefungwa, karatasi hiyo inataja chumba cha dharura cha hospitali iliyo karibu na namba 1199 ya Msalaba Mwekundu.

Njia ya kupeleka. WhatsApp naipa nyota moja. Picha ya barua yenye jina kamili iliwahi kutumwa kwenye simu ambayo watu wa nyumbani kwa mpokeaji huishika. Tukakubaliana ujumbe uwe na namba ya faili na maneno "naomba dakika 5", basi. Simu ya sauti ni bora kuliko yote, ila si wakati daktari anazunguka wodini asubuhi, alasiri anapatikana. Barua naibeba mwenyewe, bahasha wazi, nimeisoma na kuipiga picha. Iandikwe "Daktari wa zamu, Kliniki ya Afya ya Akili", isiandikwe jina la mtu. Madaktari huhamishwa, na barua yenye jina la aliyehamishwa hukaa drooni. Anayekuhudumia anaweza kuwa afisa wa kliniki, na sisi wote humwita daktari; mwombe aandike cheo chake chini ya sahihi ili kaunsela ajue anamjibu nani. Usiiache mapokezi bila mhuri wa tarehe.

Gharama: kaunsela hutoza nusu ya ada ya kikao kwa barua na simu zake, kliniki haitozi. Katika barua 6 za namna hii mpya, 4 zilirudi zimejazwa, 1 ilirudi na sahihi tupu, na 1 hadi leo haijulikani iko faili la nani. Nyota ya tano inangoja hiyo.